Ukurasa Alioniomba Niuchane

Niliinua boksi, kitako chake kikabaki sakafuni.

Ilikuwa Jumapili jioni, mvua ya Aprili imepumzika kidogo hapa Walukuba, mjini Jinja, Uganda, nami nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda nikitafuta kadi ya chanjo ya binti yangu. Boksi lilikuwa njiani. Nikalivuta, likaja jepesi kuliko nilivyolizoea. Ndani yake mlikuwa na madaftari ya mwanangu mkubwa ya darasa la nne na la tano, miaka miwili ya kusomea mezani petu. Pale lilipokuwa pamebaki tope jekundu lenye unyevu, na vijidudu vyeupe vikikimbia mwanga.

Mchwa.

Walikuwa wamepanda kupitia ufa wa saruji, wakajenga njia yao ya udongo hadi chini ya boksi, wakala kwenda juu, taratibu, gizani. Daftari la juu kabisa lilionekana zima. Nilipolifungua, katikati palikuwa na tundu lililopenya kurasa zote hadi jalada la nyuma. Jaja, mzee wetu jirani, alikuja na tochi, akamulika, akasema enkuyege, yaani mchwa, hawali hivi kwa siku moja. Hawa mmelala nao tangu mvua za mwaka jana.

Mwanangu ana miaka 12. Alisimama mlangoni akinitazama nikipukuta karatasi, kisha akasema, "Mama, lakini si tulishavisoma?"

Sikumjibu. Usiku ule nililia, na nilipojichunguza sawasawa niliona kwamba sikuwa naililia kazi yake. Nilikuwa naulilia ushahidi wangu.

Nilichokuwa natunza

Tangu shule zifunguliwe tena Januari 2022 baada ya Korona na sisi tukaamua kutomrudisha, nimeulizwa swali moja msibani, harusini na kwenye foleni ya maji: "Kwani wako wanasoma wapi?" Waliofundisha watoto nyumbani wanajua jinsi swali hilo linavyokaza tumbo. Boksi lile lilikuwa jibu langu. Kila kazi iliyotoka safi niliitenga: mchoro wa jicho wenye majina yote, ramani ya Nile kwenye karatasi ya manila kuanzia hapa Jinja hadi Misri, insha iliyoandikwa upya mara tatu hadi haina kosa.

Zile zenye kufutwafutwa tuliwashia jiko.

Sikuliona hilo kuwa kosa. Nani hutunza aibu ya mtoto? Lakini nikiwa nimekaa juu ya sakafu na udongo ule mkononi, nilijiuliza mtu akinitaka nimweleze huyu mtoto alifikaje kutoka darasa la nne hadi la sita, ningemwonyesha nini. Hata mchwa wasingefika, boksi lile lisingeweza kujibu. Lilikuwa limejaa siku nzuri tu.

Daftari la nyuma ya mlango

Kulikuwa na kitu kimoja mchwa hawakukifikia, kwa sababu kilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kaunta buku, jalada limelowa mafuta, kamba imefungwa biro.

Sikuianza kwa ajili ya shule. Baba yao ni dereva wa lori, Mombasa hadi Juba, na foleni ikiwa ndefu mpakani Malaba ndipo anapopata muda wa kupiga simu. Usiku mmoja wa Juni 2024 aliniuliza, "Wiki hii wamesoma nini?" Nikamwambia wamesoma vizuri. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, "Nimeuliza nini, mama watoto. Sikuuliza vipi."

Nikakosa jibu.

Kesho yake nikaanza kuandika, ili akipiga simu niwe na cha kumsomea. Mistari minne, mitano, chakula kikiwa jikoni. Kwa mfano:

"Jumanne. Hesabu: kugawanya kwa tarakimu mbili, amepata 4 kati ya 10. Anasahau kushusha sifuri. Sayansi: kupumua. Tumekwenda Masese, mvuvi ametupasulia kamongo, ameliona pafu lenyewe ndani ya samaki. Mdogo amesoma ukurasa mzima wa Luganda peke yake. Unga umeisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, masomo na unga pamoja. Baba yao alikuwa akisikiliza, pengine anacheka, pengine anauliza swali moja juu ya ile sifuri. Sikuwahi kuihesabu kaunta buku ile kama kumbukumbu za shule. Kumbukumbu za shule zilikuwa kwenye boksi.

Ofisini

Kufundisha nyumbani kuna mlango mmoja ambao mzazi haufungui peke yake. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hufanyiwa kwenye kituo, na mtoto lazima asajiliwe na shule yenye namba ya kituo ya UNEB, bodi ya mitihani, miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Novemba. Ndiyo maana mwezi Juni tulikwenda kwenye shule moja hapa mjini kuomba nafasi ya darasa la saba kwa mwaka unaofuata. Nilibeba cheti chake cha kuzaliwa na faili la karatasi zilizonusurika. Kaunta buku niliitia mkobani kwa sababu namba ya simu ya mwalimu mkuu niliiandika kwenye jalada lake.

Alitukaribisha kwa Kiingereza. Aliponisikia nikimnong'oneza mwanangu avute kiti, akahamia Kiswahili papo hapo. Baba yake alikuwa askari, akasema, na yeye alikulia kambini. Kiswahili ndicho walichochezea mpira.

Akalifungua faili, akageuza polepole. Akazisifu rangi, akaisifu ramani. Kisha akalifunga.

"Mama, humu sijaona kosa hata moja."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, na nilikuwa najivuna.

"Basi nikimpokea, mwalimu wa hesabu aanzie wapi?"

Nilitafuta maneno. Nilisema yuko sawa, anaelewa, ana bidii. Nilijisikia nikijibu kama nilivyomjibu baba yake miezi 12 kabla. Wamesoma vizuri. Ndipo nilipoikumbuka ile kaunta buku, nikaitoa na mafuta yake, nikaisukuma mezani huku nikiomba radhi kwa hali yake.

Alisoma kwa muda mrefu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mistari, na mara moja moja akasoma kwa sauti ndogo. "Anasahau kushusha sifuri." Akageuza. "Anachanganya aya na sentensi." Akageuza. Mwanangu hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anakitazama kidole.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitaka," mwalimu akasema. Akatuomba tuipange upya kwa masomo, kwa sababu mtihani ni karatasi nne, Hesabu na Elimu ya Jamii siku ya kwanza, Sayansi na Kiingereza siku ya pili, na walimu wake ni wa masomo, si wa siku. Akasema atampa jaribio mwisho wa muhula wa tatu, kisha tuzungumze.

Nilitoka nikiwa nimefurahi. Mwanangu alinyamaza njia nzima hadi nyumbani.

Wanaodaiwa

Mama yangu alikuwa na duka dogo Tororo, karibu na nyumba za reli. Methali aliyoipenda wenye maduka wote wanaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lake lilikuwa chini ya mizani, na nilipokuwa mtoto nilidhani ameandika humo kila kilichouzwa.

Hakuwa ameandika hivyo. Aliyelipa taslimu hakuandikwa kabisa. Aliandikwa aliyechukua sukari nusu kilo na kuahidi mwisho wa mwezi. Jina, kitu, tarehe. Akilipa, mstari mmoja juu ya jina, na jina bado linasomeka chini ya mstari.

Nimelifikiria daftari lile mno wiki hizi. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume cha mama yangu. Niliandika na kutunza kilicholipwa. Sehemu ambayo mtoto bado anaidai, au tuseme mimi ninadaiwa naye, niliitupa jikoni, na kama si swali la mume wangu nisingekuwa na hata mstari mmoja.

Mistari 41, mistari 17

Kuipanga kaunta buku kwa masomo kulinichukua jioni tisa. Nilichukua madaftari manne membamba, moja kwa kila karatasi ya mtihani, nikanakili kila mstari mahali pake pamoja na tarehe. Ilikuwa kazi ya kuchosha na sikuona faida yake hadi nilipofika muhula wa kwanza wa 2025.

Nikahesabu. Sayansi mistari 41. Kiingereza 33. Elimu ya Jamii 28.

Hesabu 17.

Nilidhani nimeruka kurasa, nikarudia. 17. Nikaangalia tarehe: mistari 12 ilikuwa kabla ya katikati ya Machi, mitano tu baada yake, hadi tukafunga muhula mwezi Mei. Kwa wiki saba karibu tuliacha hesabu, na hakuna siku hata moja ambayo niliamua kuiacha. Kila asubuhi palikuwa na sababu nzuri. Mvua, mgeni, kitabu cha sayansi kimefika. Ungeniuliza wakati huo ningekuapia kwamba tunafanya hesabu kila siku.

Macho yangu yalikuwa yamo nyumbani humo humo na hayakuona. Na nilijua ni siku gani iliyotukatisha. Nitaifikia.

Sanduku la bati

Kwa wanaotaka kujua tunavyotunza sasa, nitasema kwa kifupi, kwa maana kila nyumba ina unyevu wake.

Shemeji yangu alikuwa na sanduku la bati la bweni, lile linalojulikana na kila mtu, jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe ya mafuta. Mwanawe alishamaliza shule. Tumelisugua, tumeliweka juu ya matofali manne, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, ili njia ya udongo ikianza niione. Mchwa hawapendi mwanga, kwa hiyo kila Jumamosi tunalisogeza na kufagia chini yake. Bati nalo hutoa jasho msimu wa mvua. Nimeweka makaa makavu ndani ya mfuko wa kitambaa na huyaanika jua likitoka. Vyeti viko juu kabisa ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala ya kila kimoja iko kwa shemeji, nyumba nyingine kabisa.

Kila siku ya masomo sasa ina ukurasa wake. Mwaka una mihula mitatu ya wiki 12 au 13, yaani siku mia na themanini na kitu. Kaunta buku yetu ina kurasa 192. Inatosha, na zinabaki chache za vitabu tulivyoazima na tarehe ya kuvirudisha. Ijumaa mwanangu ananakili mistari ya wiki kwenye madaftari ya masomo, mwenyewe. Picha za simu tunaziita kwa mwaka, mwezi, siku, ndipo somo, na hapo simu huzipanga yenyewe kwa mfuatano. Zamani nilikuwa na picha mia nne zisizo na jina, nikitafuta moja ninakaa nusu saa.

Na kazi yenye makosa inaingia sandukuni. Chache, zile zinazoonyesha alikokuwa. Tunaandika kwa biro au penseli, kwa sababu vichwa nilivyoandika kwa maka mwaka jana vilitoka madoa kwa tone moja tu la paa.

Binti yangu yuko darasa la tatu na ana kaunta buku yake tangu Julai. Yeye anafurahia kuona jina lake limeandikwa. Bado hajafika umri wa kuuliza imeandikwa nini.

Jambo moja linanitia wasiwasi hata baada ya mpangilio huu. Sekondari sasa, kwa mtaala ulioanza 2020, kazi za darasani hubeba asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Waliomaliza 2024 ndio waliotangulia. Maana yake yuko mwalimu anayeandika maendeleo ya mtoto siku kwa siku, na alichokiandika kinaingia kwenye cheti. Nikifikiria hivyo narudi kwenye lile lililoninyima usingizi tangu Juni. Maandishi juu ya mtoto ni ya nani?

Tarehe 19 Machi

Usiku ule tuliotoka shuleni, mwanangu alikuja jikoni nikiosha vyombo. Alisimama karibu na msumari.

"Mama, kabla hatujampelekea tena mwalimu, ukurasa wa tarehe 19 Machi tuuchane."

Sikuhitaji kuufungua. Nilikuwa naujua kwa moyo.

"Jumatano 19 Machi. Sehemu. Robo tatu kutoa theluthi mbili. Amekosea mara tano. Amevunja penseli, amesema yeye ni mjinga. Nimemfokea nikamwambia labda ni kweli. Nimemwomba msamaha usiku, alikuwa amelala."

Nilimwambia tutaona. Nikaendelea kusema tutaona kwa wiki nzima, kisha ya pili. Upande mmoja niliona ni haki yake. Ni machozi yake, na hakuna aliyemwomba ruhusa kabla ya kuyaandika. Mtu mzima akilia hakuna anayening'iniza habari zake kwenye msumari. Upande mwingine, bila ukurasa ule nisingejua kwa nini hesabu ilikatika. Ningesema mtoto ni mvivu wa hesabu, na neno hilo lingemfuata hadi darasa la saba. Nilimpigia simu baba yao Malaba, naye akasema neno moja tu, "Muulize yeye kwa nini." Ajabu ni kwamba sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa na hakika ninajua: anaona haya kwa kukosea mara tano.

Nikamuuliza Jumamosi tukisogeza sanduku.

Alifagia kwanza, pembe zote. Kisha akasema bila kunitazama, "Umeandika ulinifokea. Mwalimu atadhani wewe ni mama mbaya."

Ufagio uliendelea. Mimi nilikaa juu ya tofali.

Wiki zote hizo mtoto huyu hakuwa anajificha yeye. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilikuwa mbaya kweli, kwamba ni sawa mwalimu akijua, kwamba mtu mzima akikosea naye aandikwe. Sikupata kusema hata nusu ya hayo. Nilimwambia tu, "Lete daftari."

Tukaikunjua kaunta buku mezani, kisu mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa tayari kuikata akitaka. Zile hushonwa kwa uzi katikati ya mafungu. Akavuta karatasi kidogo kuona itakavyotoka, na kurasa kadhaa mbele karatasi nyingine ikatikisika, pacha wake. Akaufungua upande wa pili kuona tutapoteza nini. Siku moja ya Aprili, mwandiko wangu: mdogo ana homa, Kiingereza ufahamu 7 kati ya 10, baba amepiga simu kutoka Nimule.

Akaziachia zote mbili.

Tulikubaliana kwamba kwa mwalimu yatakwenda yale madaftari manne ya masomo peke yake, na humo siku ile inasomeka hivi: "Kutoa sehemu zenye asili tofauti, amekosea mara 5." Kaunta buku itabaki nyuma ya mlango, ni ya nyumbani. Hapo nilidhani tumemaliza. Lakini hakuirudisha msumarini. Aliivuta karibu, akashika ile biro yenye kamba, akaandika kitu chini kabisa ya ukurasa wa 19 Machi, akiziba kwa mkono wa kushoto kama afanyavyo kwenye mtihani, kisha akatoka nje kwa dada yake.

Niliusoma alipokwisha kufika uani. Mwandiko wake, mistari miwili.

"Sikuwa nimelala.

Jibu ni 1/12."